Salamu za Sabha

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, mwaka ule wanajeshi wa Israeli walipoondoka kusini mwa Lebanoni, Mama Lutfi alirudi kutoka mpakani sauti ikiwa imemkauka kwa kupiga kelele mchana kutwa. Hakuingia kwake. Alivuka uchochoro wa kambi ya wakimbizi, akasukuma mlango wa jirani yake Rasmiya bila kubisha hodi, akamkuta amekaa sakafuni anachambua mboga ya mulukhiya.

"Mama Ghazi," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "wewe una mdogo wako anaitwa Sabha?"

Rasmiya hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kunyofoa majani kwenye vijiti.

"Nilikuwa naye. Kwani nini?"

"Kwani nini! Yu hai. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, moja bovu moja zima. Yuko Kafr Yasif, ng'ambo ya mpaka, ana wajukuu saba, na ana pua ya ukoo wenu, Mungu amsaidie. Alikuwa anazunguka uzioni pale Dhayra anauliza kila mtu: nani wa Ain Sammar, nani anawajua watu wa Dib? Nikamwambia, binti mkubwa wa Dib ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, naujua mpaka mkoromo wake. Basi akakaa chini kwenye mawe, analia. Jumamosi ijayo anakuja tena." Mama Lutfi alimtazama akisubiri. "Lia basi, mwanamke! Piga kigelegele! Umekaa kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika."

Aliyepiga kigelegele ni Nuhad, binti yake Rasmiya, aliyetoka jikoni na sindano ya kushonea ikiwa bado imechomekwa kifuani. Rasmiya aliinuka, majani yakamwagika kwenye mkeka. Akaenda chooni, akafunga mlango kwa komeo.

Kutoka ndani aliwasikia wanavyozungumza.

"Lakini bibi alikuwa akisema mama mdogo Sabha alikufa," Nuhad alisema. "Alikufa kwa surua, tangu mwaka ule ule wa kukimbia."

"Basi bibi yako alikosea, mwanangu. Mwaka ule nani hakukosea?"

Rasmiya alikalia ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukutani. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa akijua kwamba Sabha hakufa, kwa sababu aliyemuua ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba mwaka arobaini na nane, mizinga ya Israeli ilikipiga kijiji chao cha Ain Sammar kabla ya alfajiri, na watu wakatoka kama walivyolala. Baba yake alibaki na wanaume wengine na bunduki zao chache. Mama yake, Khazna, alikuwa na mtoto mchanga wa siku ishirini kifuani, akiwa bado anatoka damu ya uzazi. Sabha alikuwa na miaka minne, ana surua, macho yamegandana kwa tongo, mwili unawaka. Rasmiya wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyembeba mgongoni, mashamba kwa mashamba, mpaka Kafr Yasif alikoolewa shangazi yao Shafika. Walipofika, nguo ya Rasmiya ilikuwa imelowa jasho la watu wawili, na mgongo wake ulikuwa haunyooki.

"Mwache huyu hapa," shangazi Shafika alimwambia mama yao. "Ukimtembeza kwenye jua hili atakufia njiani. Siku tatu tu, homa ikishuka utakuja umchukue."

Khazna alikaa kando ya mtoto muda mrefu. Kisha akaondoka na kichanga na Rasmiya, wakaelekea kaskazini pamoja na maelfu ya wengine, mpaka chini ya mitini iliyo kando ya kijiji kimoja cha Lebanoni. Baba yao aliwakuta huko siku ya tano, hana bunduki. Siku tatu zikawa ishirini. Habari zikaja kwamba Kafr Yasif imejisalimisha na watu wake wamebaki, na kwamba anayekamatwa anavuka kurudi hupigwa risasi. Hata hivyo wanawake walikuwa wakirudi kwa kificho, kwenda kuchota ngano waliyoiacha ghalani, maana chini ya mitini palikuwa hapana cha kula.

"Nenda nao," Khazna alimwambia Rasmiya. "Baba yako wakimwona watamuua. Wewe ni msichana, hawatakugusa. Mlete mdogo wako."

Wakaenda wanawake watano na Rasmiya. Asubuhi ya siku ya pili, bondeni, bunduki zikalia kutoka upande wa kilimani. Mwanamke aliyemtangulia, jina lake Hasna, alianguka akiwa ameshika gunia lake tupu, wala hakutoa sauti. Wengine walitawanyika. Rasmiya alijitupa chini ya kichaka, akalala hapo mpaka jua la utosi, akimwangalia inzi anayetembea kwenye kisigino cha Hasna.

Alipotoka alipanda ukingo wa bonde, na kutoka pale juu aliiona Kafr Yasif. Aliona mapaa yake. Aliona hata nguo zilizoanikwa. Ilikuwa nusu saa ya kutembea, tena yote mteremko, na njiani hapakuwa na mtu. Alisimama hapo kwa muda asioweza kuukadiria. Kisha akageuza uso kaskazini.

Alirudi siku ya nne. Mama yake alimwona kwa mbali, akaona hana mtu mgongoni, akaja mbio na kichanga kikining'inia titini.

"Yuko wapi?"

Njiani Rasmiya alikuwa amepanga kusema ukweli. Lakini aliutazama uso wa mama yake akajua kwamba akiusema, mama ataondoka saa ile ile, atapita kwenye bonde lile lile. Na aliogopa pia kipigo, na kuitwa mwoga. Yote hayo yalikuja kwa pamoja.

"Shangazi anasema amekufa. Homa haikushuka. Wamemzika."

Khazna hakupiga ukunga. Aliuliza swali moja tu: "Wamemzika wapi?"

"Chini ya mlozi, nyuma ya nyumba ya shangazi," Rasmiya alisema, na akashangaa jinsi mlozi ule ulivyokuja haraka.

Kichanga kilikufa majira ya baridi ya kwanza. Baba alikufa miaka miwili baadaye, kwa maradhi ya kifua. Khazna akabaki na Rasmiya peke yake katika kambi ya Burj Shamali, wakichuma machungwa kwenye mashamba ya watu. "Mungu ameniachia wewe," alikuwa akisema akimfunga kitambaa cha kichwa asubuhi. "Hao wengine amewachukua, wewe amekusahau, alhamdulillahi."

Mwaka hamsini na tatu Rasmiya alikuwa mke wa mtu. Alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani, akapita mbele ya mkahawa wenye redio. Redio ya upande wa pili wa mpaka ilikuwa ikisoma salamu za waliobaki kwa jamaa zao walioondoka, jina baada ya jina. "Sabha binti Dib wa Ain Sammar, aliye kwa shangazi yake Shafika, anamsalimu mama yake Khazna na baba yake na dada yake Rasmiya. Anasema ni mzima, yuko darasa la tatu, na anangoja jibu." Rasmiya alisimama, maji yakimchuruzikia shingoni. Alitazama wanaume waliokuwa wakicheza karata. Hakuna wa Ain Sammar hata mmoja. Hakuna aliyeinua kichwa.

Alifika nyumbani akamkuta mama yake anakanda unga. Akafungua mdomo.

"Umechelewa na maji," mama yake alisema.

"Foleni," Rasmiya alijibu.

Ikawa basi. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi kusema, na baada ya mwezi ikawa haiwezekani, kwani sasa angelazimika kueleza na ule mwezi. Khazna alikufa mwaka sabini na nne. Mpaka mwaka huo, kila Idi alikuwa akiwasomea Fatiha maiti wake mmoja mmoja kwa majina, na Nuhad mdogo alikuwa akikaa pembeni yake akiitikia.

Jumamosi ikafika. Walikodi basi dogo na majirani. Nuhad alikuwa amevaa gauni alilolishona usiku wa siku mbili mfululizo, na amemshonea mama mdogo asiyemjua kitambaa cha meza. Rasmiya alikaa dirishani, uso ameugeuzia nje.

"Woga wa furaha huo," Mama Lutfi aliwaambia abiria. "Mimi nilipokutana na kaka yangu wiki iliyopita nilijikojolea. Nasema kweli, msinicheke."

Uzioni watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wamebanana kwenye seng'enge, kila mtu anapaza jina la kijiji chake. Watoto wachanga walipitishwa juu ya waya ili wabusiwe na kurudishwa. Mzee mmoja alikuwa akichotewa udongo kwenye mfuko wa plastiki kutoka upande wa pili, akiusimamia kama mtu anayepimiwa nyama: "Ongeza, ongeza, usiwe bahili, ni shamba langu." Wanajeshi walisimama nyuma, bunduki begani, wakitafuna bazoka.

"Ain Sammar!" Mama Lutfi alipasua sauti aliyokuwa ameiuguza wiki nzima. "Watu wa Dib!"

Mwanamke mfupi, kitambaa cheupe, mkoba wa ngozi mkononi, alipenya katikati ya watu. Nyuma yake alikuja mwanamume mnene mwenye kamera. Mwanamke alisimama mbele ya Rasmiya, waya kati yao.

"Wewe ni Rasmiya?"

"Ni mimi."

"Umezeeka."

"Na wewe."

Wakacheka, kisha wote wawili wakalia kwa pamoja, vidole vyao vikishikana kwenye matundu ya waya. Sabha alikuwa na mikono minene, mikavu, ya mtu anayelima. Alimtambulisha yule wa kamera: mwanawe Nizar, fundi wa friji. Alimimina kahawa ya hiliki kutoka kwenye chupa, akampitishia Rasmiya kikombe kidogo kwa uangalifu mkubwa, kisha kingine kwa Nuhad. Alizungumza haraka haraka, akiingiza maneno ya Kiebrania bila kujijua, kama wanavyofanya wa upande ule. Shangazi Shafika alimlea vizuri. Hakumpiga. Aliolewa na mtoto wa jirani. Mume alikufa. Ain Sammar sasa ni msitu wa misonobari, yeye huenda huko kuchuma majani ya zaatari.

Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama alikuwa ananitaja?"

"Kila siku," Rasmiya alisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Kila siku." Sabha aligeuka kumtazama mwanawe. "Umesikia, Nizar? Kila siku." Akarudi kwa dada yake. "Unajua, mimi nilikuwa na hasira nanyi. Usinichukie. Nilikuwa mtoto. Nilituma salamu redioni mara tatu. Mwalimu wangu alinipeleka kwa basi, amenivalisha viatu vya binti yake. Mara tatu, hakuna jibu. Nikawa namuuliza shangazi, yaani kambi nzima haina redio moja?"

"Mama, watu walikuwa kwenye mahema," Nizar alisema. "Redio wangetoa wapi?"

"Ndivyo ninavyosema. Nimelijua hilo nilipokuwa mtu mzima. Hamkusikia, basi." Alimtazama Rasmiya, uso umefunguka, anangoja tu.

Rasmiya angeinamisha kichwa mara moja tu, yangekwisha. Mama Lutfi, ambaye hakujua lolote ila alinusa jambo, alimfinya ubavuni akanong'ona, "Mwambie hatukuwa na redio."

"Nilisikia," Rasmiya alisema.

"Ulisikia nini?"

"Salamu zako. Nilikuwa napita na maji. Ulikuwa darasa la tatu."

Akaanza hapo akarudi nyuma, mpaka kwenye bonde, mpaka ukingoni, mpaka chini ya mitini. Alisema kwa sentensi fupi fupi, akimtazama Sabha shingoni kwa sababu hakuweza kumtazama usoni. Watu walimsukuma kutoka nyuma, mtu fulani alikuwa akiimba, mtoto akalia juu ya vichwa vyao. Alipomaliza, Sabha alikuwa bado amemshika vidole.

"Ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa." Alilirudia neno lile kama anayepima uzito wake. "Na ukamwambia mama nimezikwa chini ya mlozi?"

"Ndiyo."

"Kwa shangazi hapakuwa na mlozi."

Alivuta mkono wake. Pete ilinasa kwenye waya, akaivutavuta, akaitoa. Akamwambia mwanawe, "Twende." Nizar alibaki kidogo ameshika kamera, hajui amtazame nani, kisha akamfuata mama yake.

Katika basi la kurudi, Nuhad alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Usiku ule hakula. Alizungumza asubuhi, akiwa kwenye cherehani, bila kugeuka.

"Bibi alinifundisha kumwombea. Nilikuwa na miaka sita. Nimemsomea Fatiha ya maiti mtu aliye hai miaka thelathini na miwili, na wewe umekaa hapo unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama," Rasmiya alisema. "Kila mara."

"Na huyo bibi je? Alikufa mikononi mwako. Hata siku ile?"

"Siku ile ndiyo nilikaribia sana."

"Ulikaribia." Nuhad alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Rasmiya alikwenda Dhayra Jumamosi iliyofuata, peke yake. Sabha hakuja. Alikwenda tena ya tatu, na safari hii alikuta wanajeshi wameweka uzio wa pili, hatua ishirini nyuma ya ule wa kwanza, na katikati hakuruhusiwi mtu. Hakuna tena kushikana. Watu walisimama kila upande wakipigiana kelele kama wauza mboga, na habari zote za ndani za familia zikawa za hadhara: nani ameoa, nani ameachika, nani ana kansa ya tumbo.

Sabha alikuwa pale. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mkoba ameukumbatia.

"Rasmiya binti Dib!" aliita, jina kamili, kama karani wa mahakama.

"Nipo!"

"Mama alikufa lini?"

"Sabini na nne! Mwezi wa pili!"

"Mimi nilikuwa na miaka thelathini! Nilikuwa na watoto watatu!"

Watu waliokuwa karibu walianza kupunguza sauti zao.

"Alikufa akijua nimekufa?"

"Ndiyo."

"Sisikii!"

"Ndiyo!"

"Sema kwa nguvu, sisikii!"

"Ndiyo!" Rasmiya alipiga kelele, na sauti ikampasuka. "Alikufa akijua umekufa!"

Sasa upande wote wa uzio ulikuwa umenyamaza. Mwanamume mmoja alivua kofia yake bila sababu, akaivaa tena. Sabha alikuwa analia, lakini sauti yake ilitoka kavu.

"Kaburi lake liko wapi?"

"Kambini! Burj Shamali!"

"Basi nenda ukamwambie! Si mimi wa kuambiwa, ni yeye! Nenda ukamwambie kwa mdomo huo huo! Mpaka umwambie, usije hapa kuniita dada!"

Kambi nzima ilijua kabla basi halijafika getini. Kwenye duka la mikate wanawake walimwona Rasmiya anaingia, wakampisha mbele ya foleni, na kule kupishwa kulimuuma kuliko kama wangemtemea mate.

Jumatatu asubuhi alivaa, akatoka. Mama Lutfi alikuwa ameketi kizingitini kwake na mfuko wa mbegu za tikiti.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Navaa viatu vyangu. Nisubiri."

"Sikukualika."

"Mimi ningengoja kualikwa nawe ningekuwa nimeshaoza. Twende."

Makaburini palikuwa pamebanana kama kambi yenyewe, kaburi juu ya kaburi. Mama Lutfi alikaa mbali kidogo juu ya ukuta mfupi, akawa anapasua mbegu zake. Rasmiya alichuchumaa kwenye kaburi la mama yake, akafuta vumbi kwenye jina, akaona haya kama mtoto. Alianza kwa salamu. Akasema mwanawe Ghazi yuko Berlin, mzima, magoti yanamsumbua. Akasema bei ya mafuta ya zeituni imepanda. Kisha akasema.

Maneno yalikuja yale yale aliyoyasema uzioni, kwa mpangilio ule ule, na yalikuwa yameshachakaa kidogo, akajisikia kama anayesoma. Lakini alipofika pale ukingoni, anaiona Kafr Yasif na nguo zilizoanikwa, aliendelea mbele ya pale alipokuwa akikomea siku zote.

"Sikuogopa risasi, mama. Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa nyeupe. Ni kwamba nilimkumbuka alivyokuwa mzito. Nilihesabu: kuteremka nusu saa, kisha siku mbili kupanda naye mgongoni. Mgongo ulikuwa bado unaniuma. Sikutaka kumbeba tena. Ndilo hilo tu. Nilichoka."

Upepo ulipita kwenye majani makavu. Hakuna kilichotokea. Mama Lutfi alikuwa ameacha kupasua mbegu.

Walipokuwa wanarudi, karibu na bomba la maji, Mama Lutfi akasimama.

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mpumbavu wewe."

"Hamsini na tatu nilikuwa na kumi na minane. Sabini na nne nilikuwa na thelathini na tisa."

"Haya, hapo umenishinda, hapo sikutetei." Akatembea hatua chache. "Mimi nilikimbia nikaacha mkate kwenye tanuri na mama mkwe kitandani. Ule mkate nauota mpaka leo. Mama mkwe simwoti. Nikwambie nini? Mungu atanipokea na mkate wangu."

Rasmiya alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mulukhiya akacheka, kicheko kibaya kilichomkwama kooni, na Mama Lutfi akampiga mgongoni mpaka kikatoka.

Baada ya hapo njia ya kwenda uzioni ilifungwa. Kupiga simu moja kwa moja kutoka upande mmoja kwenda wa pili hakukuwezekana, lakini watu hawakosi ujanja. Ghazi kule Berlin alikuwa na simu mbili: anampigia Nuhad kwa moja, anampigia Sabha kwa nyingine, kisha anazilaza mezani jikoni kwake, mdomo wa hii kwenye sikio la ile. Hivyo ndivyo Nuhad na mama yake mdogo walivyozungumza, kila Alhamisi ya pili. Nuhad alimweleza kwamba mama alikwenda makaburini. Alimweleza yote, na lile la mwisho pia, kwa kuwa Mama Lutfi alikuwa amemsimulia. Sabha akauliza mulukhiya kwao wanaipika na kuku au na sungura.

Rasmiya alikuwa akikaa kitandani, ng'ambo ya chumba, anaisikia sauti ya mdogo wake ikivuja kutoka kwenye simu, nyembamba kama ya mdudu ndani ya kopo. Miezi mitano Sabha hakumwulizia. Nuhad alikuwa ameanza tena kula meza moja na mama yake, lakini alizungumza naye mambo ya lazima tu: chumvi, bili ya umeme, dawa ya presha.

Mwezi wa kumi na mbili, Alhamisi moja ya mvua, Nuhad alisikiliza simu, uso wake ukabadilika. Akamnyooshea mama yake.

"Anakutaka."

Rasmiya aliishika kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu anaandika mambo ya shule," Sabha alisema bila salamu. "Anataka siku niliyozaliwa. Kwenye vitambulisho wameniandikia tarehe mosi Januari, kama walivyowaandikia wote wasiojulikana. Shangazi hakuwepo. Hakuna mwingine aliye hai aliyekuwepo. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi sema."

"Ilikuwa wakati wa zeituni," Rasmiya alisema. "Mwezi wa kumi, mwishoni. Siku ya mvua ya kwanza. Tulikuwa shambani, mama akakaa chini ya mti akasema nimwite mkunga. Mkunga alikuwa anagombana na mumewe, hakutaka kutoka. Nilimvuta nguo mpaka ikachanika. Tulipofika ulikuwa umeshatoka kichwa."

"Shambani?"

"Juu ya turubai la kuokotea zeituni. Baba alitaka mvulana. Hakuingia ndani siku mbili, alikuwa analala na punda. Siku ya tatu mvua ikamzidi, akaingia."

Kwenye simu ilisikika sauti ya maji kwenye beseni, haikujulikana ni la Kafr Yasif au la Berlin.

"Unasema kweli?" Sabha aliuliza.

"Kweli."

"Nitajuaje?"

Rasmiya alifikiri. Alitafuta mtu mmoja aliye hai ambaye angeweza kushuhudia, na hakumpata.

"Hutajua," akasema.

Alingoja simu ikatwe. Aliisikia pumzi ya Sabha, nzito, ya mtu mwenye pumu. Nuhad alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa alichokuwa akishona, hasogei.

"Huyo mkunga," Sabha alisema hatimaye, "aliitwa nani?"

Rasmiya alifungua mdomo kujibu, na hapo sauti ya Ghazi ikaingia kutoka jikoni kwake, iko mbali, imechoka na kazi ya siku: "Mama, mama mdogo, semeni upesi, kadi za simu zinaisha."